Matangi ya Mafuta Chini ya Uwanja wa Shule

Kila shule ina vitu vinavyoonekana na vitu visivyoonekana. Vinavyoonekana ni paa, madawati, kengele na bustani, na mzazi apitaye njiani aweza kuvihukumu kwa macho yake. Visivyoonekana huachwa mpaka siku vitakapojionyesha vyenyewe. Leo nataka kueleza habari za kitu kimoja cha namna hiyo, nacho ni tangi la mafuta lililofukiwa chini ya ardhi ya shule. Huenda mwingine akasema, "Jambo hili latuhusu nini sisi, watu wa jembe na kisima?" Namwomba avumilie asome mpaka mwisho, kisha ahukumu.

Nchi ambayo jambo hili limeenea na kuchunguzwa sana ni Marekani. Katika majimbo yake ya kaskazini baridi ni kali, hata maji huganda mitoni, na watoto hawawezi kusoma pasipo nyumba kupashwa joto. Zamani walitumia makaa ya mawe. Baadaye shule nyingi ziligeukia mafuta, na mafuta yalihitaji mahali pa kuwekwa. Tena shule za huko zina mabasi ya kuwachukua watoto asubuhi na kuwarudisha jioni, nayo yataka dizeli au petroli. Nyingine zina mtambo wa umeme wa kutumiwa wakati umeme wa mji ukatikapo, na mtambo huo una tangi lake. Basi, kwa sababu hizi tatu, yaani joto, mabasi na umeme, matangi mengi yalifukiwa karibu na madarasa.

Waliofukia hawakuwa wapumbavu. Tangi likiwa chini halichukui nafasi ya uwanja, jua haliliunguzi, moto haulifikii upesi, wala watoto hawalichezei. Kwa habari ya moto walifanya vyema. Lakini chuma na udongo wenye unyevu si marafiki. Jembe lililosahauliwa shambani masika moja twaliona lilivyo. Fikirini basi tangi la chuma tupu lililolala ardhini miaka thelathini. Kutu huanza mahali padogo, mara nyingi kwenye kiungo au bomba, ikala polepole mpaka pakatokea tundu mfano wa ncha ya sindano.

Hapo ndipo shida ilipo, maana tangi halipasuki kwa kishindo, bali hudondoka. Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa watoto swali hili: tangi ladondosha tone moja kila nukta, na matone 20 ni mililita moja, je, kwa mwaka mmoja yatapotea madebe mangapi ya lita 20? Siku moja ina nukta 86,400, basi kwa siku ni lita 4 na mililita 320. Kwa siku 365 ni zaidi ya lita 1,576, yaani karibu madebe 79. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tumezoea kulitumia neno hilo kwa kusifu akiba. Hapa lafaa kwa hasara pia.

Mafuta yakiisha kutoka huenda wapi? Hushuka katika udongo mpaka yakutane na maji ya chini. Yakifika hapo huelea, kwani ni mepesi kuliko maji. Lakini sehemu yake huyeyuka majini na kufuata mwendo wa maji mpaka kisimani. Shule nyingi za mashambani huko Marekani zina visima vyake zenyewe, kama sisi. Katika petroli mna kitu kiitwacho benzeni, ambacho waganga wamethibitisha kuwa huleta saratani ya damu. Serikali ya Marekani imeweka kipimo: katika lita moja ya maji ya kunywa benzeni isizidi sehemu 5 za milioni ya gramu. Maana yake, gramu moja tu, ambayo ni kiasi cha kutia ncha ya kijiko, yatosha kufikisha lita 200,000 za maji kwenye mpaka huo. Hayo ni madebe 10,000.

Tena pua si mizani ya kutumainiwa. Benzeni majini yaweza kuzidi kipimo mara nyingi kabla mtu hajaitambua kwa harufu. Na kuchemsha, ambako ndiko tulikofundishwa kwa ajili ya vijidudu, hapa hakufai kuwa dawa. Mvuke wake hupanda hewani, akauvuta mpishi aliye karibu na sufuria. Ndiyo sababu kisima kikishukiwa, shauri lililo jema ni kuacha kukitumia kabisa mpaka maji yapimwe.

Mvuke nao una njia zake. Hupita katika udongo mkavu, ukaingia nyufani mwa sakafu, ukakusanyika katika vyumba vya chini vya nyumba. Ili tujue hatari ya kitu kisichoonekana kukusanyika chini ya sakafu ya shule, na tukumbuke msiba wa New London, katika jimbo la Texas, tarehe 18 Machi 1937. Msiba ule haukuletwa na tangi la mafuta. Ulikuwa wa gesi ya kupashia joto iliyovuja ikajaa chini ya jengo. Gesi ile haikuwa na harufu, wala hakuna aliyejua. Cheche moja iliiwasha, jengo likainuka na kuanguka, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hayo Texas iliweka sheria ya kuitia gesi harufu, ili ikivuja watu waisikie. Angalieni hekima hiyo: hawakuweza kuahidi kwamba gesi haitavuja tena, lakini waliweza kuahidi kwamba ikivuja itajitangaza. Kazi yote ya kulinda matangi ya shule ni kutafuta njia kama hiyo, ya kukifanya kisichoonekana kijitangaze.

Kwa miaka mingi matangi ya chini hayakuwa na sheria moja ya nchi nzima. Mwaka 1984 bunge la Marekani liliiamuru idara ya serikali ya kulinda mazingira itunge kanuni, nazo zilitoka mwaka 1988. Wenye matangi ya zamani walipewa miaka kumi, mpaka tarehe 22 Desemba 1998, wayakinge na kutu, wayawekee vyombo vya kuzuia mafuta yasimwagike wakati wa kujaza, ama wayafunge. Matangi zaidi ya milioni moja na nusu yamekwisha fungwa tangu kanuni zianze. Mahali palipogunduliwa kuvuja ni zaidi ya 500,000. Pengi pamesafishwa, lakini makumi ya maelfu bado. Na miji mikubwa haikusalimika: mwaka 1996 mji wa Santa Monica, katika California, ulilazimika kufunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake, kwa sababu ya dawa iliyotiwa katika petroli ikavuja ardhini.

Hata hivyo sheria ile ina milango iliyo wazi. Tangi la mafuta ya kupashia joto jengo lile lile lilipo haliguswi na kanuni za nchi nzima. Limeachiwa majimbo, na majimbo hayafanani. Basi shule yaweza kuwa na matangi mawili, la dizeli ya mabasi likikaguliwa kila miaka mitatu, na la mafuta ya joto, lililo hatua ishirini kutoka hapo, likiwa halina mkaguzi. Udongo haujui tofauti hiyo.

Lakini nikifikiri sana naona adui aliye mkubwa kuliko kutu, naye ni kusahau. Tangi hukaa ardhini miaka thelathini au arobaini. Katika muda huo mwalimu mkuu hubadilika mara saba au nane, halmashauri hubadilika, mlinzi huzeeka akaenda kwao. Shule ikiacha mafuta ikatumia gesi, mabomba hukatwa, kifuniko hufunikwa kwa saruji, na tangi huachwa na mabaki yake tumboni. Baada ya miaka watoto hucheza mpira juu yake, wala hakuna mtu hata mmoja ajuaye.

Jambo hili nimelionja mwenyewe. Nalikuwa nafundisha katika shule moja ya bara, yenye kisima kizuri nyuma ya karakana ya zamani. Masika moja wasichana waliochota maji walianza kusema, "Maji yananuka taa." Binti yangu alikuwa mmoja wao, mwenye miaka tisa. Watu wazima walisema ni ndoo, kwamba mtu amechukulia mafuta ya taa ndoo ya maji. Ndoo zikasuguliwa kwa majivu, kisha zikanunuliwa mpya, na harufu ikabaki. Walionywa wasichana waache maneno ya kujitakia udhuru wa kutochota. Juma la tatu mzee mmoja, aliyekuwa mlinzi wa shule hapo kale, alipita kusalimu, akasikia mazungumzo yetu. Akasimama kimya, kisha akatembea mpaka nyuma ya karakana, akapiga ardhi kwa fimbo yake, akasema, "Hapa palikuwa na pipa kubwa la lori. Nililiona likifukiwa." Tulichimba. Tangi lilikuwapo, limeliwa na kutu upande wa chini, na udongo chini yake ulikuwa mweusi. Kisima kilifungwa, na kwa muda mrefu watoto walitembea mwendo wa nusu saa kwenda mtoni. Katika vitabu vyote vya shule ile, vya mahudhurio, vya ada na vya mali, hapakuwa na mstari mmoja juu ya tangi. Habari yake ilikuwa katika kichwa cha mzee mmoja tu. Naye angalikuwa amekufa mwaka uliotangulia, tungalinunua ndoo mpya hata leo.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma jinsi shule za Marekani zinavyosaidiwa katika kazi hii, sikusoma kama mtu asomaye mambo ya mbali. Nami nitayaeleza kwa taratibu.

Kwanza ni kutafuta. Wasaidizi hupekua ramani za kale za majengo na hati za kununulia mafuta. Huzunguka uwanja wakitafuta bomba jembamba lililosimama ukutani bila kazi, kwani tangi lilihitaji bomba la kupumulia, na mara nyingi bomba hubaki tangi likiisha kusahauliwa. Huleta chombo cha kutambua chuma kilicho ardhini. Na huwauliza wazee waliofanya kazi pale. Kisha kila tangi huandikwa: liko wapi, lina ukubwa gani, la chuma gani, lilifukiwa lini, lina nini ndani.

Pili ni kulinda lile litumikalo. Tangi la chuma huweza kufungwa vipande vya zinki au magnesi, ili kutu ivile hivyo badala ya tangi lenyewe. Vipande vikiisha hubadilishwa. Matangi mapya yana kuta mbili, na nafasi iliyo katikati huchunguzwa, ili ukuta wa ndani ukitoboka ijulikane kabla mafuta hayajagusa udongo. Kila siku thelathini mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo hupita akitazama vifuniko na vyombo, akaandika alichokiona. Na kila mahali huwa na watu waliofundishwa: mmoja wa kusimamia mambo yote, mmoja wa kutunza vyombo siku kwa siku, na mmoja ajuaye la kufanya mafuta yakimwagika.

Kwa matangi madogo ya zamani kuna kipimo kimoja kilichonipendeza, maana hakihitaji mtambo. Tangi lisilozidi galoni 550, yaani kama lita 2,080, hupimwa kwa ufito kila juma. Huachwa limetulia saa 36, halitiwi mafuta wala halitolewi. Hupimwa mara mbili mwanzo na mara mbili mwisho, na hesabu huandikwa. Tofauti ikizidi galoni 10 katika juma moja, nazo ni karibu madebe mawili, au galoni 5 kwa wastani wa mwezi, ambazo ni karibu debe moja, tangi hushukiwa kuvuja. Shule yafaa sana kwa kipimo hiki kuliko duka la mafuta, kwani hufungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi. Yatakiwa ufito, daftari na mtu mwaminifu.

Tatu ni kulifunga lisilotumika. Mwenye tangi huwaarifu wakubwa siku 30 mbele. Mafuta yote na matope yake hutolewa, tangi husafishwa, kisha huondolewa, au hujazwa mchanga au kitu kingine kigumu kisichodhuru. Na kabla ya kumaliza, udongo uliolizunguka hupimwa. Neno hili la mwisho ndilo watu hulikwepa, maana asiyepima haoni, na asiyeona hatozwi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Udongo wa leo waweza kuchukuliwa kwa lori moja; ukiachwa miaka kumi maji yatauchukua mpaka kwa jirani.

Na kama mafuta yamekwisha toka, kusafisha kwawezekana. Yale yaeleayo hupampiwa nje. Udongo ulioharibika huchimbwa na kupelekwa mahali pake. Mahali pengine huvuta mvuke kutoka ardhini kwa mabomba, au hupuliza hewa chini ya maji ili mafuta yapande. Tena vimo vijidudu vya udongo vinavyokula mafuta, navyo husaidiwa kwa hewa na chakula. Kazi hii huchukua miezi, na mara nyingi miaka. Kwa hiyo ile ya kuchimba hufanywa wakati wa likizo ndefu, na visima vidogo vya kupimia huachwa uwanjani ili maji yaangaliwe baadaye.

Mtu atauliza, fedha zatoka wapi? Shule si duka la mafuta, haina faida ya kuchota. Mwaka 1986 bunge la Marekani liliweka mfuko wa kusafisha mavujo, unaojazwa na kodi ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta ya magari. Hakuna dereva aisikiaye kodi hiyo, nayo imesafisha mahali pengi ambapo mwenye tangi hakuwapo au hakuweza kulipa. Majimbo mengi yana mifuko yake pia, ila mengi hutaka tangi liwe limeandikwa na kutunzwa kwa taratibu. Aliyeficha tangi lake hujikuta amelificha hata kwa wale ambao wangalimsaidia.

Hapa nafikia neno ambalo kwangu ni kubwa kuliko vyombo vyote. Kanuni za Marekani zasema, mwenye tangi akigundua au akishuku kuvuja, awaarifu wakubwa katika saa 24. Saa 24 ni muda mfupi sana kwa mwalimu mkuu mwenye hofu. Atawaza habari za jina la shule, wazazi watakaowaondoa watoto wao, gharama, na lawama kwa kosa la mtu aliyetangulia. Moyo utamwambia, "Ngoja kwanza, tuhakikishe." Lakini katika siku za kungoja mtoto anakunywa. Shule ambayo imewaambia wazazi mapema, na kuwaletea maji mengine siku ile ile, huonewa haya kwa muda. Ile iliyonyamaza ikafichuliwa, hakuna tena atakayeiamini hata ikisema kweli.

Kwetu sisi mabomba ya petroli yanaongezeka kando ya barabara, na shule zaidi zapata mitambo ya umeme. Sisemi tuyakatae. Nasema kamati ya shule iulize maneno machache kabla ya kukubali. Mafuta yatawekwa wapi, na kisima kiko upande gani wa mteremko? Je, hayawezi kukaa juu ya ardhi, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, ambapo tone likianguka litaonekana siku ile ile? Nani atapima kwa ufito, na ataandika katika daftari gani? Tena kila shule iliyo ya zamani na iwaite wazee wake, walinzi, mafundi na madereva, wakaribishwe chai, watembezwe uwanjani, waulizwe kilifukiwa nini na wapi. Majibu yao yaandikwe katika kitabu cha mali, na mwalimu mkuu anayeondoka amkabidhi ajaye ukurasa huo kwa mkono wake, pamoja na funguo.

Na mtoto akisema maji yananuka, yapimwe maji kwanza.